Kupanga Safari ya Familia Kwenye Maonyesho ya Taa za Krismasi Yanayotazamwa Ukiwa Ndani ya Gari

Kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa mwaka, na mahali pengine hadi siku za mwanzo za Januari, bustani nyingi za umma na hata viwanja vya mbio za magari nchini Marekani hugeuzwa kuwa maonyesho ya taa ambayo familia huyatazama bila kushuka garini. Mgeni hulipia gari zima, hupunguza taa zake langoni, hufungulia redio kwenye masafa yanayotangazwa kwa bango, kisha hufuata gari lililo mbele yake polepole katikati ya miti, wanyama na majumba yaliyochorwa kwa balbu. Bustani ya Oglebay, iliyoko Wheeling katika jimbo la West Virginia, imekuwa ikifanya hivyo tangu 1985 na njia yake ina urefu wa maili 6, yaani karibu kilomita 10. Bustani ya James Island, pembeni mwa jiji la Charleston, South Carolina, ilianza 1990, na njia yake ya maili 3 imepambwa kwa taa zipatazo milioni 2. Kule Tennessee, uwanja wa Bristol Motor Speedway umekuwa ukiandaa maonyesho yake tangu 1997, na humo magari ya familia huruhusiwa kupita hata kwenye njia yenyewe ya mbio.

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, ziwe za Wakenya na Watanzania wa Maryland na Virginia au za Wakongo waliohamia Clarkston karibu na Atlanta, zimekwisha kuifanya safari hii kuwa sehemu ya Desemba yao, hasa pale wageni wanapokuja kutoka nyumbani. Ni matembezi yanayofaa watu wa rika zote kwa pamoja, kwani bibi asiyeweza kutembea mwendo mrefu kwenye baridi na mtoto mchanga anayenyonya huona kile kile anachokiona kijana wa miaka 15. Hata hivyo, kinachoamua kama jioni itakuwa ya furaha au ya ugomvi si taa, bali ni foleni. Kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, njia ya maili 3 humalizika katika dakika 36 hivi. Lakini Jumamosi moja kabla ya Krismasi, kusubiri langoni kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko maonyesho yenyewe, gari likiwa limejaa watoto wenye njaa na haja. Kwa sababu hiyo, ipangie foleni kwanza, na mengine yatafuata.

Siku ya kwenda

Uamuzi mkubwa kuliko yote ni siku. Msongamano hufuata kalenda ya shule na ya mishahara: huanza kwa wingi mwishoni mwa juma la Sikukuu ya Shukrani, ambayo huwa Alhamisi ya nne ya Novemba, kisha hupungua ghafla kwa siku kadhaa, halafu hupanda kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili hadi kufikia kilele katika wiki inayotangulia Krismasi. Kipindi kilicho rahisi zaidi ni Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia wiki inayofuata Sikukuu ya Shukrani hadi takriban tarehe 12 Desemba. Wazazi wengi hukipuuza kwa kuwa watoto wana shule kesho yake, na ndiyo maana njia huwa nyeupe. Mtoto kuchelewa kulala kwa saa moja siku ya Jumanne ni gharama ndogo ukilinganisha na kukaa saa mbili barabarani siku ya Jumamosi, na maonyesho mengi huongeza kishawishi kwa kutoza bei ya chini siku za kazi.

Wageni wako wakiwasili tarehe 20 Desemba, basi huna budi kwenda wakati wa kilele, na hapo ni vyema kuangalia siku za baada ya Krismasi. Kati ya tarehe 26 na 30 shule bado zimefungwa, kwa hiyo usitegemee upweke, lakini haraka ya kuwahi kabla ya sikukuu huwa imepungua na watu wengi wamechoka kutoka nje. Hakikisha tu tarehe ya mwisho ya maonyesho unayoyakusudia, kwa kuwa baadhi hufungwa mara tu baada ya Krismasi.

Mvua nyepesi ni rafiki wa anayetaka kukwepa foleni. Wengi huahirisha safari wakiona mawingu, ilhali taa huendelea kuwaka na lami iliyolowa huzirudisha maradufu. Mvua kubwa yenye upepo ni jambo jingine, maana waandaaji wanaweza kufunga njia kwa usalama, hivyo kabla ya kununua tiketi isiyorudishiwa fedha, soma kanuni zao kuhusu hali ya hewa.

Saa na tiketi

Mgeni kutoka Dar es Salaam au Mombasa, aliyezoea jua kuzama karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, hushangaa kukuta kwamba katikati ya Desemba giza huingia mapema sana huku. Charleston jua huzama karibu saa 11 na robo jioni, na Wheeling huwa limekwisha kuzama kabla ya saa 11. Jambo hili ni faida kwa wenye watoto wadogo, kwa sababu milango mingi hufunguliwa mara tu giza linapoingia, na familia inayoingia miongoni mwa magari ya kwanza inaweza kuwa nyumbani kabla ya saa 2 usiku.

Namna ya kuingia miongoni mwa magari ya kwanza ni kufika nusu saa hadi dakika 45 kabla ya lango kufunguliwa. Utasubiri, lakini utasubiri ukijua mwisho wa kusubiri ni saa ngapi, na foleni inapoanza kusogea husogea yote kwa pamoja. Hali huwa mbaya zaidi kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu usiku, wakati familia zilizokula kwanza nyumbani zinapofika zote kwa wakati mmoja. Saa ya mwisho kabla ya kufunga hutulia tena, na kwa familia yenye vijana wakubwa ningeipendelea kuliko ile ya kwanza. Ila hakikisha kama saa iliyotangazwa ni ya kufunga lango au ya kuzima taa, kwa maana tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama mtaingia au mtarudishwa. Kuna jambo moja la kuzingatia siku za kazi: saa ya kufungua lango hugongana na saa ya watu kutoka makazini, hivyo muda unaouokoa langoni usije ukaupoteza kwenye barabara kuu. Ukitoka upande wa pili wa jiji, ondoka mapema, fika karibu na bustani, wape watoto chakula mahali penye choo, kisha jongea langoni.

Tiketi inunuliwe mtandaoni kabla ya siku yenyewe. Maonyesho mengi makubwa siku hizi huuza tiketi za tarehe maalumu, na mengine hugawa hata muda wa kuingia, ili magari yasijazane. Tiketi ya muda haifuti foleni, bali huifupisha, na anayefika mapema mno anaweza kuombwa azunguke arudi. Kama anayenunua ni shangazi aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili, hakikisheni mmekubaliana kwamba 6:00 iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa 12 jioni, kwani tofauti hiyo ya saa imewahi kuzikosesha familia mengi. Piga picha ya skrini yenye msimbo wa tiketi ukiwa bado nyumbani, kwa maana mamia ya simu zikikusanyika mahali pamoja mtandao hulegea, na kumtafutia mhudumu barua pepe huku magari yakipiga honi nyuma yako si raha.

Soma pia maelekezo ya njia yanayokuja na tiketi, na uyafuate hata kama ramani ya simu inadai kuna njia fupi. Siku zenye msongamano, askari huweza kuzuia kukata kona kutoka upande mmoja wa barabara, na anayefika kwa upande usioruhusiwa hulazimika kwenda kugeuza mbali na kuanza mwisho wa mstari. James Island, kwa mfano, huingiwa kupitia Riverland Drive, barabara ya mtaani isiyo pana, na ni rahisi kuona ni kwa nini magari yakizidi hurundikana huko nje.

Gari na watu wake

Kwa kuwa malipo ni ya gari na si ya kichwa, kila familia hushawishika kuwapakia wote katika gari moja. Wazo ni zuri alimradi kila mtu ana mkanda wake. Watoto kuwekwa mapajani au kusimama kwenye uwazi wa paa kwa sababu eti mwendo ni mdogo ni jambo ambalo waandaaji wengi hulikataza, tena safari yenu ina barabara kuu kabla na baada ya bustani. Familia mbili zikienda pamoja, gari moja la abiria saba au nane hupunguza tiketi mbili kuwa moja, ingawa likiwa la kukodi, linganisheni kwanza gharama ya kukodi na bei ya tiketi ya pili. Lakini basi dogo la kanisa au la jumuiya mara nyingi lina bei yake pekee, kwa hiyo uliza kabla ya kuwahesabia watu michango. Mkienda kwa magari mawili, unganeni kabla ya kuingia kwenye foleni, kwa sababu hakuna atakayewaachia nafasi katikati.

Mtoto anayekaa kwenye kiti chake cha gari asifungwe mkanda akiwa amevaa koti nene lililojaa pamba. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri hivyo kwa sababu koti hilo hubonyea gari linapogongwa na kuacha mkanda umelegea. Mfunge akiwa na sweta, kisha mfunike kwa blanketi juu ya mkanda. Wazazi waliokulia kwenye joto hulisahau hili kwa wema kabisa, wakidhani kwamba nguo nyingi ndiyo malezi bora.

Kuhusu taa za gari lenyewe, jifunze kuzizima mchana, nyumbani, na si langoni. Magari mengi ya sasa huwasha taa za mbele yenyewe giza linapoingia, na taa za mchana hubaki zikiwaka hata baada ya kugeuza swichi. Katika baadhi ya magari taa hizo huzimika ukivuta breki ya mkono kabla ya kuwasha injini. Katika mengine kuna hatua maalumu kwenye swichi au kwenye skrini, na kitabu cha gari hueleza. Lengo ni kubaki na zile taa ndogo tu, ambazo humwonesha aliye nyuma mahali ulipo bila kumwangaza usoni aliye mbele. Ikishindikana kabisa, watu hufunika taa kwa kitambaa kizito kilichobanwa vizuri. Punguza pia mwanga wa dashibodi na wa skrini za watoto, kwani kishikwambi kimoja kinachowaka kiti cha nyuma hugeuza vioo vyote kuwa vya kujitazamia.

Safisha vioo ndani na nje siku hiyo hiyo. Watu saba wakipumua ndani ya gari lililofungwa, vioo hupata ukungu baada ya dakika chache. Kupuliza hewa kavu kwenye kioo cha mbele, pamoja na kufungua madirisha kidogo, huondoa tatizo hilo. Mafuta yawe nusu tangi au zaidi. Gari dogo likisimama injini ikinguruma hutumia kama nusu lita hadi lita moja na nusu kwa saa, kiasi ambacho si kikubwa, lakini taa ya mafuta kuwaka ukiwa katikati ya foleni isiyo na njia ya kutokea huwanyima raha wote. Gari la umeme halina shida ya kusimama, ila mashine ya joto hula betri, hivyo lichajiwe kabla. Kwenye theluji, kama ile inayoweza kuikuta Wheeling, hakikisha bomba la moshi halijazibwa kabla ya kusimama muda mrefu injini ikiwaka, kwa sababu moshi ukirudi ndani huleta gesi yenye sumu inayoua bila kunusika.

Chakula, choo na kuchoka

Haja ndogo ya mtoto wa miaka minne haisubiri foleni. Kila mtu, mkubwa na mdogo, apite chooni kwenye kituo cha mwisho kabla ya bustani, iwe kituo cha mafuta au duka kubwa, hata anayesema hana haja. Kwa watoto wanaojifunza kuacha nepi, poti ndogo yenye mfuko ndani pamoja na nepi moja ya akiba vitaokoa jioni nzima, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Vinywaji vitolewe kwa kiasi: chupa ya chai ya maziwa ni faraja kubwa kwa watu wazima, lakini juisi kwa watoto ingoje hadi mtoke au mfike sehemu yenye vyoo.

Chakula kiwe kikavu na cha kushika kwa mkono mmoja. Maandazi, karanga, mkate wa kumimina uliokatwa vipande na ndizi vinafaa. Sambusa za moto zenye mafuta na mishikaki yenye rojo hupaka viti na kuacha harufu hadi Januari. Wape watoto sehemu ya chakula wakati wa kusubiri, si wakati wa kutazama, kwa kuwa kusubiri ndiko kunakohitaji shughuli. Hadithi na vitendawili hufanya kazi vizuri zaidi kuliko katuni kwenye simu, kwa sababu macho ya mtoto hubaki yamezoea giza na taa za kwanza humshangaza kweli kweli. Mtoto anayechefuliwa na gari akae mahali anapoweza kutazama mbele, maana kugeuza kichwa kila mara huku gari likisimama na kuondoka huchochea kichefuchefu. Mfuko wa plastiki uwe karibu.

Bibi au babu aliyekuja kutembea apewe kiti cha mbele. Ndiye mwenye safari, na kupanda na kushuka kwake ni rahisi zaidi hapo. Aelezwe mapema kwamba kutakuwa na kusubiri, ili asidhani gari limeharibika. Familia za Kiislamu huuliza wakati mwingine kama maonyesho haya ni ya ibada: mengi ni burudani, yenye nyoka wa baharini, treni na wahusika wa hadithi za watoto, ingawa baadhi huwa na sehemu inayoonesha kuzaliwa kwa Yesu, na tovuti ya waandaaji husaidia kuamua.

Ndani ya njia

Ukishaingia, acha nafasi ya gari moja au zaidi mbele yako, na usisimame kupiga picha isipokuwa msafara wote umesimama. Picha za video zilizopigwa kupitia kioo hutoka hafifu. Fungua dirisha la abiria kwa muda mfupi, piga chache, funga. Dereva asiguse simu kabisa. Yeye ndiye anayeona kidogo kuliko wote, kwa hiyo ni haki kukubaliana nyumbani kwamba mwaka ujao ataendesha mwingine. Redio iendelee kwenye masafa ya maonyesho, kwani mahali pengi taa hucheza kwa kufuata muziki huo; baada ya nyimbo kurudia mara ya pili, hata hivyo, hakuna atakayekulaumu ukiweka kwaya ya nyumbani.

Baadhi ya maonyesho yana mahali pa kuegesha na kushuka. James Island ina eneo lenye maduka ya vinywaji vya moto, treni ndogo, farasi wa bandia wa kuzunguka na mioto ya kuchomea pipi laini. Hapa ndipo fedha hutoka bila kutarajiwa, kwa hiyo waambieni watoto kabla ya kuondoka nyumbani kwamba kila mmoja atachagua kitu kimoja. Ninashauri kushuka hata kama kumechelewa, maana miguu hunyooka, vyoo vipo, na dereva hupata zamu yake ya kutazama. Anayeona kwamba foleni za magari si za kwake kabisa anaweza kutafuta mahali penye namna nyingine ya kutazama: Callaway Gardens ya Pine Mountain, Georgia, zaidi ya saa moja kwa barabara kutoka Atlanta, hupitisha wageni kwa gari lao au kwa gari la pamoja la bustani, na bustani ya Meadowlark ya Vienna, Virginia, huwa na njia ya taa ya kutembea kwa miguu.

Mkikaribia mwisho, tafuta mahali salama pa kusimama kabla ya kurudi barabarani, kwa sababu sehemu ya kutokea huungana na magari yaendayo kasi na macho yako bado yamezoea giza. Ondoa kitambaa kama ulifunika taa, rudisha swichi kwenye taa za mbele na ushuke uhakikishe kwa macho kwamba zinawaka. Kagua mikanda ya watoto waliokwisha kulala, kwa maana wengi huifungua wakati wa kutazama, ndipo uingie barabara kuu.